Tovuti Imekufa, Haki za Watu Hazijafa



Wiki iliyopita, baada ya darasa la Maghrib, kijana mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha msikitini. Namjua tangu anasoma Juzuu Amma. Leo ni fundi wa kompyuta, ana mke na mtoto. Akasema, "Shikamoo sheikh. Nina jambo, ila naogopa utanicheka." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Kaa kitako. Sicheki."

Jambo lenyewe ni hili. Kuna tovuti ya mashabiki wa manga, yaani zile hadithi za katuni za Kijapani ambazo watoto wenu wanazisoma kwenye simu, mkijua msijue. Tovuti hiyo ni ya miaka mingi. Watu wa nchi mbalimbali waliijaza kidogo kidogo, kama wanavyochanga watu wa mtaa: muhtasari wa kila sura, majina ya wahusika, tarehe za matoleo, mahojiano ya wachoraji yaliyotafsiriwa kutoka Kijapani, na michoro ya mashabiki wenyewe. Aliyeianzisha alichoka, akaacha kulipia, ikazimika. Sasa kijana wangu na wenzake wanne waliojuana mtandaoni wamelinunua jina lake. Wamepata na nakala ya mafaili yote ya zamani kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa msimamizi. Wanataka kuifufua.

Kisha akasema neno ambalo ndilo limenikalisha hapa kuandika: "Sheikh, si ilikuwa imekufa? Sisi ndio tumeihuisha. Basi si ni yetu?"

Nilimjibu pale pale kwa ufupi. Lakini nilipolitaja suala hili kwa wenzangu maimamu, bila kumtaja mtu, nikapata majibu mawili. Mmoja akasema, "Sheikh, unapoteza muda wako na katuni." Wa pili akasema, "Mali ya makafiri hiyo, waacheni wachukue." Wallahi jibu la pili lilininyima usingizi. Basi leo nawajibu wote watatu: kijana aliyeuliza, mwenzangu aliyedharau, na mwenzangu aliyehalalisha.

TUANZE NA NENO "KUHUISHA"

Kijana hakulitoa neno hilo hewani. Amelisikia kwangu darasani. Katika vitabu vya fiqhi kuna mlango mzima wa kuhuisha ardhi iliyokufa: mwenye kuifufua ardhi mfu, akaichimbia kisima, akailima, ni yake. Tena Umar bin al-Khattab, Allah amridhie, alihukumu kwamba aliyeizungushia ardhi mipaka kisha akaiacha bila kuifanyia kazi, ikipita miaka mitatu haki yake inaondoka.

Lakini kijana amebeba nusu ya mlango akaacha nusu. Sharti la kwanza la ardhi mfu ni kwamba isiwe ya mtu. Shamba la mjane lililoota magugu si ardhi mfu. Ni shamba la mjane lenye magugu. Ukilifyeka usiku na mchana, ukapanda mihogo ikastawi, bado ni la mjane, na mihogo yako utakuja kuielezea.

Sasa tuitazame tovuti. Ndani yake kuna vitu vinne, na kila kimoja kina hukumu yake.

Cha kwanza ni jina. Jina la tovuti halinunuliwi milele, hukodiwa kwa mwaka au miaka. Majina yanayoishia na .com, mwenyewe asipolipa, muuzaji wa majina anaweza kumwachia muda wa hadi siku 45 alipe. Baada ya hapo zipo siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, ndipo linarudi sokoni kwa yeyote. Kama mmelipata kwa njia hiyo, mwanangu, jina ni halali yenu. Hapo mfano wako wa ardhi unasimama.

Cha pili ni maandishi na michoro ya mashabiki. Yule binti aliyeandika muhtasari wa sura mia mbili hakuziandika ili ziwe zenu. Alimpa mwanzilishi ruhusa ya kuziweka. Hakukupa wewe.

Cha tatu ni kurasa za manga zenyewe, kama zimo. Hizo ni za mchoraji na mchapishaji, na hazijawahi kuwa za tovuti hata siku moja, hata ilipokuwa hai.

Cha nne ni daftari la wanachama: barua pepe zao, maneno yao ya siri, na jumbe walizoandikiana faragha. Hiki ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho mlichokipata kama mtu aliyepewa shati kuukuu akakuta pochi mfukoni.

Basi kilichokufa ni jina na mtambo. Haki za watu hazikufa pamoja nao.

"TUNAPENDA TU, HATUUZI"

Hili nimelisikia sana. Mashabiki husema: sisi hatuibi, sisi tunapenda. Tunatafsiri bure, tunapandisha bure, watu wanasoma bure. Nani ameumia?

Nitawaambia nani. Manga nyingi hutoka kwanza katika majarida. Jarida la Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, hutoka kila wiki, na sura moja ndani yake ni kama kurasa ishirini. Kila mstari umechorwa na mtu. Mchoraji na wasaidizi wake wanakesha, wiki ikiisha inaanza nyingine. Wewe unafika asubuhi, unaweka kurasa zote mtandaoni, unasema "napenda." Jirani yako akikupenda sana hadi akawa anavuna mahindi yako kila msimu na kuyagawa bure kwa mtaa, utayaita mapenzi?

Na mambo haya yana historia. Mwaka 2010 wachapishaji wa Japani na wa Marekani waliungana dhidi ya tovuti za namna hii, na mwezi Julai mwaka huo OneManga, iliyokuwa na wasomaji wengi mno, ikaondoa manga zake zote. Januari 2018 Batoto nayo ikafunga. Mwezi huohuo mashabiki wengine wakaanzisha MangaDex kupokea kijiti. Mwaka 2020 wasomaji wa kawaida wakawa wanatoa hata kompyuta zao na intaneti yao zisaidie kusambaza picha. Mimi nasema hivi bila kejeli: kujitolea kule ni kukubwa, na misikiti mingi inakutamani. Lakini Mei 2025, baada ya wenye haki kudai chao, mifululizo zaidi ya 700 ikaondolewa humo. Angalieni, watu wamejenga kwa bidii, kwa mapenzi, kwa ufundi, juu ya kiwanja chenye mwenyewe. Mwenyewe akija, bidii yako si hati ya nyumba.

Na wapo ambao hata mapenzi hayakuwapo. Mangamura, tovuti ya Kijapani iliyofungwa Aprili 2018, iliweka manga za watu na kuvuna pesa za matangazo. Mwendeshaji wake alikamatwa Ufilipino mwaka 2019, na Juni 2021 mahakama ya Fukuoka ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Aprili 2024 mahakama ya Tokyo ikamwamuru awalipe wachapishaji watatu yen zinazokaribia bilioni 1.7. Msomaji ambaye hakulipa hata senti alidhani anasoma bure. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa bidhaa, jicho lake likiuzwa kwa mwenye tangazo.

KWA MWENZANGU ALIYEHALALISHA

Sheikh, wewe umesema ni mali ya makafiri, wachukue.

Nakuuliza: usiku wa Hijra, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwacha nani Makka, na kwa kazi gani? Alimwacha Ali bin Abi Talib azirudishe amana za watu. Watu gani? Walewale wa Makka waliokataa ujumbe wake. Wengine kati ya watu wa mji ule walikuwa wamemzingira nyumbani wamuue! Kama kungekuwa na saa ambayo mtu angesema "mali ya hawa nimeihalalisha," ingekuwa saa ile. Hakuisema. Amana zilihesabiwa, zikarudishwa kwa wenyewe, mmoja mmoja.

Na usiniambie kwamba haya mambo ya hakimiliki ni ya Wazungu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Kuwait Desemba 1988, katika kikao chake cha tano, likatoa azimio namba 43: haki za utunzi na za uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zinalindwa na sharia, na hairuhusiwi kuzivamia. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa. Tumelisoma au tumelipita?

Utasema, "Lakini manga zina machafu ndani yake." Baadhi yake zina machafu, na mengine ni ushirikina mtupu. Hukumu ya kuyasoma hayo, na hukumu ya picha zenyewe, ina darasa lake, na vijana wangu wanajua nimelisema bila kumung'unya maneno. Lakini tangu lini ubaya wa bidhaa ukahalalisha wizi wake? Usichokitaka unakiacha. Kukiacha na kukiiba ni njia mbili tofauti.

Na ili usinione najitukuza, nitakiri langu. Miaka ya tisini nilikuwa na redio yenye milango miwili ya kaseti. Nilikuwa nachukua kaseti za mawaidha za masheikh wakubwa, nazinakili usiku, Ijumaa nauza nje ya msikiti. Nilijiambia nafanya daawa. Sikumwomba hata mmoja wao idhini, na fedha nilikula. Miaka ikapita. Mwaka juzi nikakuta darasa zangu mwenyewe zimepandishwa mtandaoni na mtu nisiyemjua, jina langu limekatwa, na kabla sijaanza "Bismillahi" linatokea tangazo la kubeti. Nilipandisha presha siku ile, ndugu zangu. Nikataka kushitaki. Ndipo usiku nikakumbuka redio yangu ya milango miwili, nikanyamaza.

Ndiyo maana sikumcheka kijana. Nilikuwa naitazama sura yangu.

KWA MWENZANGU ALIYEDHARAU

Wewe umesema ni katuni tu, nisipoteze muda. Sasa nisikilize.

Sisi ni umma wa isnadi. Tunajivunia kwamba elimu yetu ina minyororo: fulani kapokea kwa fulani, siku fulani, kwa maneno haya. Halafu tunawacheka vijana wanaohangaika kuandika nani alichora nini, mwaka gani, nani alitafsiri, wapi alikosea, nani akamsahihisha. Kazi ni ileile ya uaminifu, ijapokuwa heshima ya kinachohifadhiwa si moja. Mtu aliyejizoeza kutaja chanzo cha katuni anaweza kufundishwa kutaja chanzo cha hadithi. Lakini yule anayesambaza "hadithi" kila Ijumaa bila kujua imetoka wapi, nimfundishe nini?

Kupotea kwa maandishi ya mtandaoni si jambo la kubuni. Oktoba 2009 huduma ya GeoCities ilifungwa Marekani, na kurasa za watu wa kawaida zilizojengwa tangu miaka ya tisini zikazimwa. Ya Japani ikafuata tarehe 31 Machi 2019, na huko kurasa nyingi za mashabiki wa manga ndiko zilikokuwa zikiishi. Kilichosalia kimesalia kwa sababu watu wa kujitolea walikimbia kunakili kabla ya siku kufika, na kwa sababu ya hifadhi kama Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Na sisi je? Msikiti wetu ulikuwa na tovuti. Waliitengeneza vijana, wakaweka darasa za marehemu imam aliyenitangulia, saa nyingi za tafsiri. Aliyekuwa analipia alihama mji. Hakuna aliyeuliza. Siku tuliyouliza, hakukuwa na kitu, na kaseti za asili zilikuwa zimeota ukungu stoo. Sauti ya mzee yule haisikiki tena duniani. Vijana wa katuni wanalia kwa tovuti yao na wanachangishana waifufue. Sisi hatukulia. Nani wa kumcheka mwenzake?

MFANO WA KUPOKEA KAZI YA MTU

Nataka niwape mfano kutoka hukohuko kwenye manga, maana hekima haichagui mlango.

Kentaro Miura alianza kuchora hadithi ya Berserk mwaka 1989. Alifariki tarehe 6 Mei 2021, akiwa na miaka 54, umri wa rika langu, na hadithi haikuwa imekwisha. Zaidi ya miaka thelathini ya kazi, wasomaji dunia nzima wanasubiri mwisho. Wanafunzi wake wa studio wangeweza kusema: mwenyewe kafa, sisi tunajua kuchora kama yeye, tuendelee tunavyotaka. Hawakusema hivyo. Juni 2022 hadithi ilipoendelea, ilikuwa chini ya usimamizi wa Kouji Mori, rafiki yake tangu ujana, ambaye Miura aliwahi kumsimulia hadithi hiyo mpaka mwisho. Naye aliwaahidi wasomaji kwamba ataandika yale tu aliyosimuliwa, hatajaza la kwake. Na kwenye kazi ikaandikwa wazi: asili ni ya Miura, wachoraji ni studio, msimamizi ni Mori.

Hao si wanafunzi wetu wa madrasa. Lakini wametufundisha maana ya kupokea kazi ya marehemu: unajulikana mpaka wako, na unautangaza wewe mwenyewe kabla hujaulizwa.

SASA, MWANANGU, FANYA HIVI

Sikukataza uifufue. Nimekwambia uifufue kama msimamizi wa wakfu anavyosimamia wakfu: anafagia, anakarabati, anatoa hesabu, na wala hasemi "changu."

Moja: mtafute mwanzilishi kabla hamjawasha kitu. Mwandikieni, mwambieni mlichonacho na mlikipataje. Aliyewapa mafaili alikuwa msimamizi, hakuwa mwenyewe. Mlinzi wa ghala hatoi zawadi ya magunia.

Mbili: kila andiko na kila mchoro libaki na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Wekeni mahali pa wazi ambapo mwenye kazi anaweza kusema "ondoeni," na akisema, iondolewe siku hiyohiyo bila kubishana naye.

Tatu: kurasa za manga za watu zisiingie. Andikeni habari, chambueni, sahihisheni, kisha mwelekezeni msomaji kwa mwenye mali. Leo hana kisingizio cha zamani. Tangu Januari 2019 wachapishaji wa Shueisha wana huduma yao, Manga Plus, na sura mpya husomwa bure kwa njia ya halali hata kwenye simu ya hapa kwetu.

Nne: daftari la wanachama msilitumie. Machi 2021 mdukuzi aliingia MangaDex, tovuti ikazimwa, ikabidi programu iandikwe upya, ikarudi hatua kwa hatua mwaka huohuo. Taarifa za wanachama karibu milioni 3 zilivuja: barua pepe, majina, na maneno ya siri katika hali ya kufichwa. Na hao walikuwa na mafundi, wakawaeleza watu wao. Ninyi mna faili la zamani kwenye diski ya mtu, na wengi kati ya waliomo bado wanatumia neno la siri lilelile kwenye akaunti nyingine. Lifuteni. Anayetaka kurudi ajiandikishe upya. Jumbe za faragha msizifungue hata kwa kuchungulia. Hizo ni siri za watu.

Tano: tangazo la kubeti lisiingie. Najua wenzako wamekwambia ndilo linalolipa seva. Hesabu ya seva iwekwe wazi, wanaopenda wachangie, wasipochangia mzime kwa heshima. Kuzima kwa heshima, ukiwa umewapa watu muda wa kuchukua vyao, si aibu.

Sita: andika wasia wa tovuti. Tovuti ile haikufa kwa sababu ya adui. Ilikufa kwa sababu funguo zote zilikuwa kwa mtu mmoja na mtu mmoja huchoka, huugua, hufa. Funguo ziwe kwa wawili au watatu, na ijulikane nani anapokea baada ya nani.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Akakaa kimya, kisha akasema, "Sheikh, mwenzetu mmoja ameshapandisha sura nzima nzima. Nikimwambia aondoe, watanitoa kwenye kazi." Nikamwambia, "Wakikutoa kwa hilo, umetoka na dini yako, na ufundi wako bado uko mikononi."

Juzi kaniletea habari. Amewaandikia wenzake. Wawili wamemkubalia, wawili wamekasirika. Amemwandikia na mwanzilishi kwa barua pepe ya zamani. Hadi naandika haya, hajajibiwa. Ananiuliza asubiri hadi lini. Nimemwambia asubiri, atafute njia nyingine ya kumfikia, na jina la tovuti alilipie mwaka mwingine lisije likaangukia kwa watu wa kamari. Mwaka mmoja wa kulipa bila kumiliki. Akacheka, akasema, "Sheikh, hiyo si hasara?" Nikamwambia hiyo ndiyo tofauti ya mlinzi na mwizi: wote wawili wako uani usiku, ila mmoja anamsubiri mwenye nyumba.

Na mimi nimeanza kuwatafuta watoto wa wale masheikh niliouza kaseti zao. Mmoja nimempata. Tumekubaliana.

Allah atujaalie tuwe wenye kurudisha amana kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Ukiona post hii ina faida, mpelekee kijana wako anayesoma manga, na mpelekee pia imamu wako. Na ukiinakili, acha jina langu. Nimejifunza uchungu wake.

Wabillahi tawfiq.